Mkono wa Chuma Kutoka Sarang'ombe

Mwaka wa 2007 nilikuwa nikiishi Makina, Kibera, na kazi yangu ilikuwa kuandika mabango. Nilichora kuta za saluni na bucha, nikaandika majina ya maduka, na siku zisizo na kazi nilichonga picha kwenye mbao. Kuchonga nilifundishwa na baba yangu kule Kitui, ambaye maisha yake yote alichonga vifaru na twiga wa kuuzia watalii. Mimi vifaru walinishinda. Nilichopenda ni kuchonga ubao bapa, kuupaka wino, kuulazia karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka picha ihamie kwenye karatasi. Lakini kijiko ni kijiko. Picha zangu zilitoka na mabaka, hapa nyeusi tititi, pale kama moshi.

Siku moja niliitwa Kawangware kuandika bango la duka la mafuta ya taa. Mwenye duka alikuwa mama wa Kikuyu aliyepita miaka sitini, mjane, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mbali. Alizaliwa hapo hapo, enzi ambazo Kawangware ilikuwa mashamba ya mahindi. Baadaye alijenga ploti ya vyumba vya mabati nyuma ya nyumba yake akavipangisha, na wapangaji wake, Waluhya, Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu, wote walimwita Mama Ploti. Nami nikamwita hivyo.

Nilimwomba ngazi, akanielekeza stoo ya nyuma. Huko, kati ya magunia ya makaa na vitanda vilivyovunjika, niliona chuma kimesimama kama lango dogo, kirefu kunishinda, kimejaa kutu na mavi ya kuku. Chini yake palikuwa na meza ya chuma juu ya reli mbili. Juu ya meza lilining'inia bamba zito. Niliwahi kuona picha ya kitu kama hicho kwenye gazeti la zamani, nikakijua mara moja. Niliiacha ngazi, nikarudi kumtafuta mwenyewe.

"Mama, ile mashine ya kuchapa ni ya nani?"

"Ile takataka? Ni ya mzee," alisema. Mzee alikuwa marehemu mumewe. "Watu wa vyuma kuukuu wanakuja kuichukua wiki hii."

Mumewe, alinieleza, alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji cha wamishonari tangu ujana. Walipoleta mashine za umeme, walimpa ile ya zamani kama zawadi ya kumuaga. Akaileta nyumbani kwa lori, akasema atafungua kiwanda chake. Hakufungua. Kila mwaka kulikuwa na karo, au ng'ombe mgonjwa, au chumba cha kuezeka upya, mpaka akafa.

Nilikuwa na picha yangu moja ndani ya mkoba, ya wanawake wakianika nguo kando ya reli. Nikamwonyesha. Aliichukua akaenda nayo hadi mlangoni penye mwanga, akaikagua kama mtu anayekagua noti.

"Hapa umeharibu," alisema, akiweka kidole kwenye baka.

"Hapo nimekosa mashine, Mama."

Akacheka kwa nguvu hadi kuku wakatawanyika. Watu wa vyuma kuukuu walipokuja, aliwapa vile vitanda vilivyovunjika, wakaenda zao.

Nilidhani ataniachia ufunguo wa stoo nijitafutie mwenyewe. Wapi! Nilipofika Jumatatu nilimkuta tayari yumo ndani, kavaa gambuti na koti kuukuu la mumewe, kopo la mafuta ya taa mkono mmoja, brashi ya waya mkono wa pili. Magunia yote ya makaa alikuwa ameyahamisha.

"Tunaanzia wapi?" akaniuliza.

Tulianzia chini. Kwa wiki nyingi, kila nilipokosa bango la kuandika, nilipanda hadi Kawangware na tukakwangua kutu pamoja. Nilishangaa jinsi alivyojua kungoja. Mimi nilipokuta skrubu imeganda, nilitafuta nyundo. Yeye alinikataza. Aliimwagia mafuta ya taa kila asubuhi alipotoka kulisha kuku, siku baada ya siku, bila kuigusa, hadi siku moja akanipa spana akasema, "Jaribu sasa," na skrubu ikazunguka laini kama kifuniko cha chupa. Reli tulizisugua kwa msasa, tukazipaka grisi, na ile meza iliposogea mara ya kwanza, ikienda na kurudi bila kelele, aliisukuma yeye mwenyewe tena na tena, mdomo wazi, kama anasukuma kitanda cha mtoto.

Chini ya kutu kwenye nguzo za mashine kulikuwa na maua. Mtu fulani, ng'ambo huko, zamani sana, alikuwa ameunda majani na maua kwenye chuma ambacho kazi yake ni kukandamiza karatasi tu. Mama Ploti aliyasafisha kwa mswaki, ua moja moja.

"Mzee hakuwahi kuniambia kuna maua," alisema. Akaendelea na ua lililofuata.

Tatizo lilikuwa moja. Mashine ya namna ile huendeshwa kwa mkono mrefu wa chuma. Ukiuvuta kuelekea kifuani, bamba linashuka na kukandamiza karatasi juu ya ubao. Mkono wa mashine yetu ulikuwa umevunjika kwenye kiwiko. Vipande vyote viwili vilikuwepo, lakini bila kuunganishwa tulikuwa na lango la maua tu.

Nilimjua fundi mmoja wa Sarang'ombe, upande wa pili wa Kibera, Mjaluo mzaliwa wa Siaya, aliyechomelea mageti na kutengeneza majiko. Nilimleta. Aliizunguka mashine mikono ikiwa mgongoni, akainama kutazama chini, akagonga nguzo kwa kidole na kusikiliza.

"Ai, msanii," aliniambia, "aliyetengeneza hii kitu alikuwa fundi."

"Na wewe?" Mama Ploti akamuuliza.

"Mimi pia ni fundi, Mama. Lakini hiki si chuma cha siku hizi. Nikikichoma haraka kitapasuka pale pale. Lazima nikipashe moto polepole kwa makaa, nikiunge, halafu nikifukie kwenye majivu kipoe chenyewe. Nipe niende nacho."

Mama Ploti alipenda jibu hilo. Alimpikia chai ya maziwa mengi, wakakaa wakizungumza juu ya majiko, kwamba yapi yanakula makaa na yapi yanahifadhi, mpaka nikachoka kuwasubiri. Krismasi ilikuwa inakaribia. Fundi aliondoka na vile vipande viwili begani, akaahidi kuurudisha mkono mzima baada ya uchaguzi.

Uchaguzi ulifika. Tulipiga kura kwa foleni ndefu na tulivu, watu wakibebeana watoto. Halafu siku za kungoja matokeo zikawa nyingi, na yalipotangazwa, moshi ulianza kupanda Kibera kabla ya jua kutua. Sitaeleza yote niliyoyaona. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi walichomeana nyumba. Maduka ya Makina yalifungwa, unga na maziwa vikatoweka, kadi za simu zikawa kama dhahabu. Njiani ulisimamishwa na kuulizwa kabila lako, na ukitaja, unaambiwa useme kitu kwa lugha yenu. Mimi nilikuwa Mkamba, na katika wiki zile Mkamba alitazamwa kwa mashaka na pande zote mbili, Wajaluo na Wakikuyu, lakini mara nyingi aliachwa apite. Sijui kama hiyo ilikuwa bahati. Nilijifungia chumbani nikachonga, kwa sababu mikono isipofanya kitu kichwa hufanya. Nilichukua ubao wa mlango wa kabati na kuchonga ile safu ya maduka ya Makina nilivyoiona kupitia dirishani, milango yote imefungwa kwa kufuli, na paka mmoja amekaa katikati ya barabara tupu akijiramba.

Moto ulipopungua kidogo, Januari, nilikwenda Sarang'ombe kumtafuta fundi. Kibanda chake cha kazi kilikuwa majivu. Nilimkuta nyumbani, amekonda, ndevu zimeota. Mkewe alinifungulia, na kabla hajafungua nilisikia kitu kizito kikiburutwa nyuma ya mlango. Nilipoingia nilikiona kimeegemezwa ukutani: mkono wa mashine yetu, mzima, kiwiko kimeungwa vizuri hata ungelazimika kutafuta alama kwa kucha.

"Niliutoa kwa majivu siku ile ile mambo yaliharibika," fundi alisema. "Nikaukimbiza nyumbani. Vyombo vyangu vingine vyote viliibiwa."

"Tunakomea nao mlango," mkewe akaongeza.

Vijana walikuwa wamekuja, alinieleza fundi, vijana wa upande wake mwenyewe, wakitafuta vyuma vya kupigania. Waliuona ule mkono, wakautaka. Aliwaambia ni kipande cha mashine ya kazi na kina mwenyewe. Mwenyewe ni nani? Akawaambia ukweli: mama mmoja wa Kikuyu, Kawangware. Mkewe alisema hapo ndipo alipodhani wamekwisha. Walimtukana, wakamsukuma, mmoja akampiga kofi. Lakini yeye aliukalia ule mkono sakafuni na kukataa kuinuka, na mwishowe wakaenda kutafuta kwingine.

"Si ungewapa tu?" nilimuuliza.

Alinitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Niwape mkono wa Mama wakavunje nao watu vichwa?"

Nilitaka kuubeba mwenyewe hadi Kawangware. Fundi alikataa katakata. Ulikuwa mrefu, mzito, na mtu akikuona nao barabarani wiki zile, awe polisi au kijana wa mtaa, asingengoja kusikia habari ya uchapaji. Basi nilitumia kredo yangu ya mwisho ya simu kumpigia Mama Ploti nikamweleza yote, pamoja na lile kofi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kesho asubuhi, mje nao hadi barabara ya Nyayo Highrise. Muufunge kwa blanketi. Na fundi aje na vifaa vyake, kama amebakiwa na vyovyote."

"Mama, fundi hawezi kuja Kawangware siku hizi."

"Nani ataufunga huo mkono? Wewe?"

Asubuhi ile, kando ya magorofa ya Highrise, tulikuta pikapu ya kusambaza maziwa, dereva kijasho kinamtoka. Mama Ploti alikuwa ameshuka, amesimama kando ya barabara kavaa nguo zake za kanisani. Alivuka hadi tulipokuwa, akampa fundi mikono yake yote miwili mbele ya watu wote waliokuwa wakitazama, na walikuwa wengi. Hakuugusa ule mkono wa chuma kwanza. Aliangalia shavu la fundi.

"Walikupiga hapa?"

"Ilishapona, Mama."

"Pole sana, mwanangu. Twende."

Alimketisha fundi kiti cha mbele, katikati yake na dereva. Mimi nilipanda nyuma nikaulalia mkono ndani ya blanketi. Tulipokaribia Kawangware, vijana walikuwa wameziba njia kwa mawe. Walituzunguka. Mmoja alichungulia ndani, akaiona sura ngeni katikati, akashika mlango.

"Huyu ni wa wapi?"

Mama Ploti aliteremsha kioo. Alimtazama yule kijana, kisha akamuuliza kwa Kikuyu, na nilielewa kwa sababu ni maneno ambayo kila jirani huyajua: mama yako hajambo? Miguu yake imepona? Kijana alijibu kwa sauti ndogo. Akamwambia tena, safari hii kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "Mwambie nitapita kumwona jioni. Huyu ni fundi wangu. Ondoa mawe."

Yule kijana aliachia mlango. Mawe yaliondolewa, wengine wakinung'unika, lakini yaliondolewa. Tulipoingia kwenye ploti na geti likafungwa, niliruka chini kumfungulia Mama Ploti, nikamkuta amekalia mikono yake. Hakushuka mpaka dereva alipomletea maji.

Siku hiyo nilijua pia jambo ambalo hakuwa amenieleza kwenye simu. Sebule yake ilikuwa imejaa magodoro. Katika siku mbaya zaidi, kundi lilikuja kumtaka awatoe wapangaji ambao si wa kwao. Aliwaambia ploti ni yake na wapangaji ni wake, kisha akawahamishia wote waliotishwa ndani ya nyumba yake, pamoja na watoto na sufuria zao. Hayo niliyasikia kwa mpangaji mmoja, mama wa Kiluhya aliyekuwa akimenya viazi jikoni. Mwenyewe nilipomgusia alisema tu kwamba watoto walimmalizia sukari.

Fundi alifanya kazi hadi saa za alasiri. Alipoingiza pini ya mwisho, alimwita Mama Ploti auvute yeye. Akauvuta. Bamba lilishuka, likatoa mlio mzito, wa chini, likapanda tena. Wapangaji waliokuwa mlangoni walipiga makofi bila kujua walichokuwa wakishangilia.

Nilikuwa nimebeba ule ubao wa maduka ya Makina chini ya shati. Niliupaka wino kwa rola, nikaulaza mezani. Karatasi ya kwanza ilitoka mbovu, wino mwingi mno, kufuli zote zimezama. Ya pili ilikuwa nyeusi upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Mama Ploti alinitazama nikihangaika, kisha akakata vipande vya gazeti akavipachika chini ya ubao upande ule uliokuwa dhaifu, kama mtu anayesawazisha meza inayoyumba. "Vuta tena," akasema. Niliinua ile karatasi polepole kwa pembe. Kila kufuli lilionekana. Ndevu za paka zilionekana. Nilikuwa nimechonga kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona kile nilichokichonga.

Fundi aliikagua kwa muda mrefu. "Huu mlango wa tatu ni wa yule muuza viatu," alisema. "Hata mimi ameniuzia." Akaomba aende nayo. Ikawa yake.

Fundi hakurudi Kibera jioni ile. Mama Ploti alimkatalia, akamwekea godoro sebuleni kati ya wengine, na siku chache baadaye ile pikapu ikamleta mkewe. Walikaa chumba cha mwisho cha ploti hadi viongozi walipokubaliana na barabara zikafunguka. Ndipo wakarudi Sarang'ombe, naye akajenga kibanda kipya mahali pale pale. Mimi niliendelea kwenda Kawangware. Tulichapa picha zangu, tukazianika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, na watu walioingia kununua mafuta ya taa walikuja nyuma kuziangalia. Wengine walizinunua. Wengine walisimama tu mbele ya ile milango yenye kufuli, kisha wakaondoka.

Lakini ninachotaka kukisimulia zaidi ni kwamba siku moja nilifika nikamkuta Mama Ploti amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ubao mapajani, akichonga kwa kisu cha jikoni. Hakuwa ameniomba nimfundishe. Alikuwa amewachonga watu watatu wamesimama kando ya mashine: mwanamke mwenye gambuti, mwanamume mwenye nyundo, na mwingine mwembamba mwenye kijiko, ambaye nilitambua kuwa ni mimi. Mikato ilikuwa migumu, ya nguvu, bila woga wowote. Baba yangu angeishika ile kazi na kuuliza ni ya nani. Tulipoichapa, mashine ilitokea upande usio wake, kwa kuwa alisahau kwamba picha hugeuka, na wote watatu tukawa tunatumia mkono wa kushoto. Alikunja uso, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya mashine.

"Wacha ikae hivyo," alisema. "Mwaka wenyewe ulikuwa kombo."

Alichonga nyingine nyingi baada ya hiyo. Alichonga ng'ombe wa baba yake, foleni ya maji, mumewe akiwa amelala kwenye kiti na kofia usoni. Nilimtafutia River Road, mjini, wino bora kuliko niliowahi kujitafutia, kwa sababu ilikuwa wazi kwangu, wala haikuniuma, kwamba jicho lake lilipita langu. Wanawake wa kanisani kwake walianza kuja, halafu wapangaji, halafu mke wa fundi akawa anapanda kutoka Sarang'ombe kila Jumamosi.

Mara ya mwisho nilipopita huko stoo ilikuwa imejaa, wanawake wameinamia mbao, vumbi la mbao limewatapakaa magotini, na Mama Ploti anapita nyuma yao akiwa na miwani mipya. Nilisimama mlangoni nikiwatazama kwa raha, nikamsubiri anisalimie. Alinyoosha shingo kunipita begani.

"Wewe," akasema, "unatuzibia mwanga."

Nikasogea.